Nguvu Zina Mwenyewe

"Kama nguvu zimekuzidi, jembe liko nyuma ya nyumba."

Vijana wengi wa Rungwe walionogewa na kunyanyua vyuma wamelisikia neno hilo, kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa, kutoka kwa baba, kwa mjomba, au kwa bibi aliyeketi jikoni akimenya ndizi. Husemwa bila ukali. Mzee humtazama kijana aliyerudi jioni, viganja vimechubuka, fulana imelowa jasho katika mji wetu wa Tukuyu, ambako mwezi wa sita watu hawavui masweta, na hesabu yake inagoma. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya shamba kimeishia kwenye chuma, na chuma chenyewe kesho kitakutwa palepale kilipoachwa. Hakuna tuta lililoinuka wala gunia lililofika barabarani. Sasa hizo nguvu zimekwenda wapi?

Swali hilo ni la haki. Nimekulia upande wa wanaoulizwa, na sasa nina umri wa wanaouliza, kwa hiyo silioni kuwa la kupuuzwa. Watu wakizungumzia michezo ya nguvu huanza na misuli. Mimi naona misuli ndiyo sehemu nyepesi ya habari. Anayetaka kujua kwa nini kijana fulani anadumu kwenye vyuma mwaka hadi mwaka, na mwenzake mwenye mabega mapana zaidi anaacha baada ya miezi michache, aende kwao akaangalie wanavyoishi. Aangalie nani anaamka kwanza. Aangalie chakula kikiwa kidogo kinagawanywaje.

Wilaya yetu ya Rungwe haimwachi mtu akue bila kubeba kitu. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000, na miezi isiyo na mvua ni ya kuhesabu. Udongo wa volkano pamoja na mvua hiyo huotesha kila kitu, yakiwemo magugu, na ndiyo maana jembe halipumziki. Mtoto huanza na kidumu cha maji cha lita tano. Akikua kidogo anapewa cha kumi, kisha mzigo wa matete ya ng'ombe aliyefungiwa bandani, kisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni hadi barabarani. Katumba wachuma chai hutembea na kapu mgongoni tangu asubuhi umande haujakauka. Isongole ni viazi. Kiwira utakuta ndizi zinapakiwa kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Hakuna anayeyaita mambo haya mazoezi, na ukimwambia mama aliyetua mkungu kwamba amefanya mazoezi mazuri atadhani unamkejeli.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya yetu, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu, Good Company, kuhusu vijiji vyao vya rika. Mvulana alipofika miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa wazazi wake, akaenda na wa umri wake kujenga vibanda pembeni, na rika hilo likaendelea kukaa pamoja hadi uzeeni. Kutoka huko hakukumwondolea jembe. Kulima ilikuwa kazi ya wanaume na wavulana, naye alirudi kulima shamba la baba yake, kwa sababu baba ndiye aliyeshika ng'ombe wa kumwozea mke. Alirudi pia kula kwa mama yake, na hapo hakurudi peke yake. Kundi la rafiki lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule.

Kila nikiyasoma hayo nasimama kwenye hicho chakula. Kijana mwenye nguvu kuliko wote katika rika alikuwa amelishwa na akina mama wengi. Mwili wake, ukiuhesabu kwa uaminifu, ulijengwa na majiko ya kijiji, na kwa hiyo hakuwa na namna ya kusimama akasema nguvu hizi ni zangu peke yangu, nitazipeleka ninakotaka. Siku ya siku wangemkumbusha, kila mama kwa zamu yake.

Katika imani za zamani alizoziandika Monica Wilson iko moja isiyonitoka akilini. Ilisemwa kwamba mchawi ana chatu tumboni, na chatu hao ndio wanaomwezesha kuruka usiku kwenda kufyonza nyama na maziwa ya wenzake. Lakini walinzi wa kijiji, wale waliomwona mchawi ndotoni na kumkabili, nao walikuwa na chatu. Uwezo ulikuwa ule ule. Mmoja aliutumia kwa uroho, mwingine akautumia kulinda. Na mlinzi naye hakuachwa bila wa kumlinda asipotoke: mtu aliyedharau wazazi wake au kuwaonea majirani aliogopa pumzi za watu, manung'uniko ya majirani wenye haki, ambayo yaliaminika kumtia baridi mwilini hadi augue. Mimi ni Mmoraviani, wa kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, na habari za chatu siziamini. Ila sijapata kusikia maelezo ya tabia ya mwenye nguvu yanayoyazidi hayo kwa ukweli. Mkono unaoweza kumwinua mtu aliyeanguka ndio huo huo unaoweza kumwangusha. Ukiutazama ukiwa umepumzika huwezi kujua ni wa kazi gani. Utajua ukiwajua waliomlea mwenye mkono, na majirani ambao angeona haya mbele yao.

Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa Bulyaga, uani kwa mama mmoja muuza maziwa aliyetukubalia nafasi iliyokuwa kati ya banda la ng'ombe na migomba. Vyuma tulitengeneza wenyewe, kama vinavyotengenezwa mitaani kote Tanzania. Unatafuta bomba la maji la chuma, refu kupita mikono iliyonyooshwa. Unatafuta makopo ya rangi ya lita nne kwa uzito mdogo, na ndoo za lita ishirini kwa uzito mkubwa. Unachanganya zege, unalisimamisha bomba katikati ya ndoo, unamimina kidogo kidogo huku mwenzako akishindilia kwa kijiti ili hewa itoke, unalikaza kwa mbao bomba lisilale upande, unaacha. Upande mmoja ukishashika vizuri unageuza na kumwaga wa pili.

Hapo ndipo tabia huanza kujionyesha, kabla hata mtu hajanyanyua kitu. Zege huchukua kama siku 28 kukomaa, tena hutaka liwe na unyevu, na kwa unyevu Tukuyu haina mpinzani. Lakini kijana mwenye hamu haoni siku 28. Wengi hunyanyua wiki ile ile. Zege linachanika kuzunguka bomba, ndoo inaanza kuchezacheza, na saruji iliyochangwa na watu wote inakuwa imepotea. Pale kwetu aliyezuia pupa hiyo alikuwa mdogo kuliko wote kwa umbo, mtoto wa fundi mwashi. Alikaa juu ya zile ndoo, akakataa kuondoka. Alimwagia maji zege kila asubuhi akienda shule, alilifunika kwa majani ya migomba, na wakubwa walipomtania alijibu kwamba kwao ukuta unaojengwa kwa pupa hubomolewa na baba yake mwenyewe, kwa gharama ya baba yake mwenyewe. Nimekutana na makocha kadhaa tangu wakati ule. Sijui kama wapo waliojua kungoja kuliko yule mtoto.

Vyuma vya zege vina sharti ambalo vyuma vya kisasa havina: huwezi kuviachia vikaanguka. Kwenye mashindano makubwa sahani za uzito zimefunikwa mpira, na mnyanyuaji akishapewa ishara huushusha mzigo, na ukishapita mabega huuachia ukadunda jukwaani. Ukifanya hivyo kwa ndoo za zege una vipande vya zege na bomba tupu. Ilitubidi kila kilichopanda kishuke kwa njia iliyokipandisha, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, meno yameumana, mpaka kitue chini bila kishindo. Kushusha huko ni kuchungu, kwa sababu sifa zimeshapatikana kule juu na hakuna anayepiga makofi mzigo ukirudi. Nilikuja kumjua mtu kwa hapo. Aliyeshusha vizuri wakati watu wameshageuka kutazama kingine, huyo ndiye ungemwachia funguo za nyumba.

Hata kwenye Olimpiki kufikisha mzigo juu hakumtoshi mnyanyuaji. Lazima asimame miguu ikiwa sambamba, mikono imenyooka, mwili umetulia kabisa, mpaka waamuzi watoe ishara. Akiutupa kabla, jaribio lake limeharibika hata kama dunia nzima imeuona mzigo ukiwa juu ya kichwa. Napenda mchezo huu zaidi ya mingine kwa sababu hiyo. Unamdai mtu utulivu pale anapokuwa amelemewa, na utulivu wa namna hiyo hauanzii jukwaani. Mtoto aliyeona mama yake akipokea habari mbaya, akakaa kimya, akamalizia kusonga ugali kwa sababu kuna wanaongoja kula, ameshaanza kufundishwa.

Adabu za pale uani zilitoka majumbani moja kwa moja. Anayeingia aliamkia mwenye nyumba kabla hajagusa chuma. Mtu aliyelala kwenye benchi na uzito kifuani hakuachwa peke yake, hata kama mlikuwa mmegombana njiani mkija; mmoja alisimama kichwani kwake, mikono tayari, akawa amesahau ugomvi mpaka chuma kirudi mahali pake. Mdogo alipewa zamu ya kwanza. Jumamosi mama yule alitutolea maziwa mgando, birika moja na kikombe kimoja kilichozunguka kuanzia kwa mdogo. Kisha, tukishakunywa na kusema ndaga fijo, asante sana, alitutajia ya kwake: banda lisafishwe, matete yakakatwe, lile gunia la pumba lishushwe kwenye guta. Hakuomba. Nguvu zetu zilikuwa na mwenyewe, naye alijua kuzidai. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kununa.

Baba yangu alilima viazi Isongole, na msimu wa mavuno alikuwa mpakiaji. Kama hujawahi kuiona lumbesa, ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilima cha viazi juu na kushonewa kamba zinazopishana ili kisimwagike. Sheria inakataza gunia la mazao lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelirudia hilo misimu mingi, lakini mkulima aliye kando ya barabara na mvua inakuja hana ubavu wa kubishana na lori. Lumbesa humwumiza mara mbili. Bei analipwa ya gunia moja, na anayebeba hilo gunia na kilima chake mara nyingi ni yeye mwenyewe au mwanawe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Baba alibeba maradufu ya hizo na zaidi, mgongoni, akipanda ubao uliolazwa kwenye bodi la lori, nao ubao umelowa.

Watu husema mpakiaji na mnyanyuaji wanafanya kitu kimoja. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, aliyekuwa katika kundi la kilo 60, alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa chake kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe, na ulimwengu ukashangaa kwa haki. Aliunyanyua mzigo huo baada ya kuandaliwa miaka, akiwa amekula, amelala, ameshikwa mkono na walimu, na alipoushusha alikwenda kupumzika. Mpakiaji haandaliwi. Akishusha gunia lipo lingine, na anayeamua uzito wake ni mtu aliyekaa ndani ya lori. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku zote nimelisikia hilo nikimwona mwenye lori akitafuna muwa huku akihesabu magunia kwa kidole.

Ndiyo maana nikaja kumwelewa mzee anayekasirishwa na vyuma vya mwanawe. Mgongo wake aliutoa ili mtoto asome, asibebe. Sasa mtoto amesoma, na jioni anakwenda kubeba uzito usio na mlipaji, kwa hiari yake, tena akicheka. Anachokiona mzee hapo kinamwuma kuliko anavyoweza kusema, kwa hiyo husema habari ya jembe. Kumjibu mzee kama huyo kwa habari za afya na umbo ni kumkosea. Jibu analolielewa ni kuona nguvu zile zikirudi nyumbani. Baba alipougua kiuno na gari likashindwa kufika kwetu kwa sababu ya tope, sisi wa pale uani ndio tuliomtoa bondeni hadi barabarani aende hospitali ya Makandana, kwenye kitanda cha kamba, tukishika kwa zamu, tukitembea kwa hatua moja ili asitikisike. Njia nzima hakusema kitu. Tulipomtua, tukikunja magoti wote kwa pamoja mpaka miguu ya kitanda ikagusa lami, alisema, "Mnajua kutua." Kwa mpakiaji hakuna sifa inayoizidi hiyo.

Na bado sijasema habari za wanawake, ambao kwa haki wangetangulia. Tukuyu Stars ilipochukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986, mji mdogo wa mvua ukizipita Simba na Yanga, timu ilijulikana kwa jina la Banyambala, wanaume, na wilaya nzima ilitembea kifua mbele, akina mama wakiwemo. Nilikuwa mtoto, na furaha ile naikumbuka. Lakini nguvu za wilaya hii ukizipima kwa kilo na kilomita, sehemu kubwa ilikuwa vichwani mwa wanawake, juu ya ngata. Mwaka huo huo wa 1986 G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo wakitembea na mizigo. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza nishati wanayotumia kutembea mikono mitupu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha siri iko katika mwendo: namna mwili unavyopanda na kushuka kila hatua, na namna wao wanavyopoteza kidogo sana katika kupanda na kushuka huko. Huo ni ufundi uliofundishwa na mama kwa binti, njiani, bila kocha, na wanasayansi walihitaji mashine ili kuuona.

Kwa hiyo msichana wa kwanza alipokuja pale uani na kuomba zamu, na baadhi ya wazee wakasema ataharibu kizazi, nilikataa na bado nakataa. Watu wale wale hawakuwahi kumzuia mjamzito kupandisha mkungu wa ndizi mlimani kutwa nzima. Hidilyn Diaz wa Ufilipino, aliyekuwa akibeba maji utotoni na kujifunzia vyuma vya zege kama vyetu, aliipatia nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo mwaka 2021. Wanawake walianza kuruhusiwa kunyanyua kwenye Olimpiki mwaka 2000 tu, Sydney. Kubeba hawakuwahi kuhitaji ruhusa ya mtu.

Deni la nguvu lina upande unaoniogopesha, na sitaki kuupita. Julai 2021 mnyanyuaji wa Uganda mwenye miaka 20, Julius Ssekitoleko, alitoweka katika kambi ya timu yake Izumisano, Japani, baada ya kujulikana kwamba hatapata nafasi ya kushindana Tokyo. Aliacha barua kwamba maisha ya nyumbani ni magumu na anataka kufanya kazi Japani, na akaomba vitu vyake vipelekwe kwa mkewe. Alipatikana siku chache baadaye katika mji mwingine, akarudishwa Uganda. Wako waliomcheka na waliosema ametia aibu nchi. Mimi nilichoona katika barua ile ni kijana ambaye hata akitoroka anafikiria begi lake litafikaje kwa wa nyumbani. Nguvu zake zilikuwa na wenyewe wengi, na mchezo haukumpa cha kuwalipa. Sisi wazazi tunajua kudai, na tumedai kwa haki, kwa kuwa tulilisha. Lakini wazazi nao wana lumbesa yao. Tunamjaza mtoto ada ya wadogo zake, bati la nyumba, dawa za bibi, kisha tunaongeza kilima juu na kushona kamba, na kwa kuwa ana mabega hatuulizi amefika kilo ngapi. Kama gunia la viazi lina ukomo wa kisheria, mtoto naye astahili kuulizwa.

Baba alikuja uani mara mbili tu, siku mbili zilizofuatana, kabla ya kuugua. Mara ya kwanza alifika jioni na mabuti ya mpira, akasalimiana na mwenye nyumba kwanza, akakaa kwenye kigogo. Mwenzetu mmoja aliyesifika mtaani kwa kunyanyua mia, kutoka chini hadi juu ya kichwa, alitaka mzee aone. Akainyanyua, akatulia, akashusha vizuri. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Hiyo mia imepimwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa mia kwa sababu siku ya kumwaga zege tulikisia kuwa itafika mia. Mtu aliyepunjwa maisha yake yote kwa gunia lisilopimwa hawezi kupita penye uzito wa kukisia akanyamaza. Kesho yake alileta mizani ya kupimia viazi kwa guta, tukaifunga kwenye boriti ya banda, tukatundika vyuma kimoja kimoja. Mia ilikuwa kilo 84. Baba akachokoa zege kwa msumari, akatoa kijiwe, akakidondosha kwenye ndoo ya maji, kikaelea. Kokoto tulizookota kwenye kingo za barabara zilikuwa zile nyepesi zenye matundu, zilizotapikwa na volkano zetu maelfu ya miaka iliyopita, ambazo utaziona zimelala tabaka nyeupe kila barabara inapokata kilima.

Wawili watatu walisema tuiache iwe mia, nje ya pale hakuna anayejua. Mwenye mia yake alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti. Aliomba rangi yeye mwenyewe. Akaandika 84 kwa rangi nyekundu kwenye ndoo zote mbili, kubwa, isomeke kutoka getini, na baba akamshikia kopo la rangi mpaka akamaliza. Vyuma vingine navyo vikaandikwa vyake, kumi ikawa saba na nusu, ishirini ikawa kumi na sita. Kisha baba akairudia mizani yenyewe, akaigeuzia kwenye mwanga, akaanza kutafuta chapa ya ukaguzi ya mwaka ule.